Zinki inachimbwa Kipushi, mabenchi yetu yanaliwa na kutu

Kila mwaka mvua zinapoanza Lubumbashi, kuelekea mwezi wa Novemba, viti vya chuma vilivyowekwa nje ya baa, makanisa na shule vinaanza kutoa maji mekundu. Kutu inatiririka kwenye miguu ya benchi, inachafua sakafu, inaacha mstari kwenye suruali ya mteja. Mwenye baa anamwita fundi wa suda. Fundi anapiga brashi ya waya, anapaka rangi mpya, analipwa. Mwaka unaofuata wanakutana tena pale pale.

Dawa ya ugonjwa huo si siri. Ni zinki, na zinki tunayo. Mgodi wa Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka Lubumbashi, karibu kabisa na mpaka wa Zambia, ulianza kuchimbwa miaka ya 1920, ukasimama mwaka 1993, kisha ukaanza tena kutoa zinki mwaka 2024 kwa ubia wa Gécamines na kampuni ya Kanada, Ivanhoe Mines. Takriban nusu ya zinki yote inayotumika duniani inakwenda kwenye kazi moja tu: kufunika chuma ili kisishikwe na kutu. Ile ya Kipushi inatoka nchini ikiwa konsantre, yaani unga mzito wa madini, ikayeyushwe ng'ambo. Hapa nyumbani tunaijua zaidi juu ya mapaa, kwenye mabati.

Mikataba ya madini ina waandishi wake. Sisi leo tunaongelea benchi, kwa sababu benchi la chuma la kukaa nje ni kazi ambayo karakana yoyote ya Kenya, Katuba au Kamalondo inaweza kuitengeneza, na ni kazi inayoharibiwa mara nyingi na michoro kuliko na mikono. Mafundi wetu wanajua kuchomelea. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na penseli kabla ya moto kuwashwa.

Fundi wa mabati aliyechoka na kutu

Ufaransa, katika eneo la Bourgogne, kulikuwa na fundi wa mabati aitwaye Xavier Pauchard. Mwanzoni mwa karne iliyopita alianza kuchovya vitu vyake vya bati ndani ya zinki iliyoyeyushwa ili visishikwe na kutu. Njia yenyewe haikuwa yake: Mfaransa mwingine, Stanislas Sorel, aliiandikisha tangu mwaka 1837. Pauchard aliitumia kwenye vyombo vya nyumbani, baadaye kwenye viti. Mwaka 1927 aliandikisha jina la biashara, Tolix, na mwaka 1934 akatoa kiti ambacho msomaji amekiona bila kujua jina lake, maana nakala zake zimejaa kwenye mikahawa ya dunia nzima: kiti cha bati tupu, miguu iliyotanuka kidogo chini, mgongo wenye ubao mmoja mpana katikati. Kinaitwa Chaise A.

Leo kiti hicho kinakaa katika majumba ya makumbusho kama kazi ya sanaa, jambo ambalo pengine lingemchekesha mwenyewe. Alikitengeneza kwa ajili ya mikahawa, viwanda na hospitali, watu wanaotaka kiti cha kubeba, cha kuosha kwa maji, cha kupigwa teke na kubaki kiti. Ukikitazama kwa jicho la fundi, kila kitu kinachoonekana kama urembo kina kazi. Mikunjo ya bati inalipa nguvu, ili bati jembamba libebe mtu mzito. Matundu kwenye kikalio yanatoa maji ya mvua. Miguu ilichorwa ili kiti kimoja kiingie juu ya kingine, na baada ya umbo lake kurekebishwa katika miaka ya 1950, viti 25 viliweza kupangwa kuwa mnara mmoja. Mwenye mkahawa alikuwa anafunga duka lake, anaviweka vyote kwenye kona moja.

Miaka michache baadaye, Mswisi Hans Coray alitengeneza kiti cha aluminiamu kwa ajili ya maonyesho ya taifa ya Zurich ya mwaka 1939. Alikitoboa matundu 91. Kikawa na uzito wa kilo 3 hivi, mtoto anaweza kukihamisha. Matundu yanapunguza uzito, yanapitisha maji na hewa, na ndiyo sura yenyewe ya kiti: hakuna pambo lingine.

Huo ndio ubunifu wa kupunguza. Wengi wanadhani maana yake ni kitu kilicho wazi, cha baridi, cha kizungu, cha magazeti ya nyumba za kifahari. Kwa chuma cha kukaa nje maana yake ni nyepesi zaidi: kila ua lililopindwa, kila kona ya ziada, kila ubati wa kufunika ni mahali maji yatakapojificha. Yale maua ya chuma tunayoyapenda sana kwenye mageti, ukiyaweka kwenye benchi, yana makumi ya viungo vidogo ambavyo brashi ya rangi haifiki. Kutu inafika.

Anza na bomba la mita 6

Bomba la chuma la mraba linauzwa kwa urefu wa mita 6. Fundi wengi wanachora benchi kwanza, kisha wananunua chuma, kisha wanabaki na vipande vya sentimita 40 na 70 vinavyorundikana nyuma ya karakana hadi wanunuzi wa vyuma chakavu wapite. Vipande hivyo vimelipiwa na mteja, au vimekula faida ya fundi. Ni afadhali kugeuza njia: anza na mita 6, uliza zinaweza kutoa nini.

Tufanye hesabu pamoja. Chukua bomba la mraba la milimita 30, unene wa milimita 2. Kata vipande 8 vya sentimita 44 na vipande 4 vya sentimita 60. Jumla ni mita 5 na sentimita 92, na zile 8 zilizobaki zinatosha kulipia chuma kinachokuwa vumbi kwenye kila mkato. Vipande 8 vinafanya mbavu mbili za mraba, kila pembe ikikatwa mshazari ili ncha za bomba zifungane zenyewe bila kuacha mdomo wazi. Vipande 4 vya sentimita 60 vinaunganisha mbavu hizo: kimoja mbele juu, kimoja nyuma juu, kimoja katikati chini ya kikalio, na cha mwisho nyuma chini ili fremu isiyumbe.

Kikalio kinatoka kwenye ufito bapa wa milimita 30 kwa 4, nao unauzwa kwa mita 6. Kata fito 13 za sentimita 44. Zilaze kutoka mbele kwenda nyuma kati ya mbavu mbili: zinaacha nafasi 14 za milimita 15 kila moja. Maji yanapita, hewa inapita. Mabaki ya ufito yanatosha kukata vibati vidogo vya kukanyagia chini ya miguu.

Umepata kiti kimoja cha upana wa sentimita 66, kina cha 44 na kimo cha sentimita 44 na kidogo, kimo ambacho mtu mzima anakaa na nyayo zikigusa chini. Uzito wake ni kama kilo 15 na nusu. Kwa bomba moja na ufito mmoja, karibu hakuna kinachotupwa.

Sasa tazama namba zenyewe. Viti vitatu vikifungwa ubavu kwa ubavu ni benchi la sentimita 198, karibu mita 2. Na 44 mara tatu ni 132, sawasawa na 66 mara mbili. Hivyo viti vitatu vikipangwa kwa kina vinalingana na viti viwili vilivyopangwa kwa upana, bila kuacha pengo wala kuzidi. Unaweza kufanya jukwaa la kulala wazi, kona chini ya mwembe, mraba kuzunguka shina. Kiti kimoja kikiwekwa mbele ya benchi bila mtu kukikalia, ni meza ya chini. Mgongo unatengenezwa peke yake na kufungwa kwa bolti pale unapohitajika. Wazee watauhitaji, vijana wa bia hawatautazama.

Viti vya namna hiyo, vya vipande vinavyofanana na kuungana, wabunifu wanaviita moduli. Kwetu vina sababu kubwa kuliko sura. Leo kuna kilio, watu 60 wanakaa nje hadi asubuhi. Jumapili kuna ibada. Jumatatu ua ni tupu na watoto wanataka kucheza mpira. Benchi la mita 4 lililochomelewa kipande kimoja linahitaji wanaume wanne kulisogeza, kwa hiyo halisogezwi, linabaki kwenye mvua. Na siku mguu wake mmoja unapooza, benchi zima linakufa. La vipande linafunguliwa bolti nne, kiti kibovu kinakwenda karakana, vingine vinaendelea kukaliwa.

Ila hapa kuna sharti moja ambalo likivunjwa kila kitu kinaharibika. Matundu ya bolti lazima yawe mahali pamoja kwenye kila kiti, cha kwanza na cha hamsini. Macho na kipimo cha utepe havitoshi. Tengeneza kalibu: kipande cha bamba nene chenye matundu tayari, kinachobanwa kwenye ubavu kabla ya kutoboa. Kalibu hiyo ni mali ya karakana kuliko mashine. Mteja akirudi baada ya miaka mitatu akitaka viti sita zaidi, vitaingia bila nyundo.

Maji yanatafuta mahali pa kulala

Kutu inahitaji maji na hewa, na muda wa kukaa. Mvua ya saa moja ikikauka haraka haidhuru sana. Kinachomaliza benchi ni lile tone linalokaa wiki nzima ndani ya bomba, au udongo unaoshika unyevu kwenye mguu. Ndiyo maana benchi nyingi huanza kuoza chini, sentimita chache kutoka ardhini, wakati kikalio bado kinang'aa.

Kwa hiyo fundi achague moja. Ama bomba limefungwa kabisa, suda imezunguka kila kiungo bila tundu hata la sindano, na kila tundu la bolti limewekewa bomba dogo la kuvuka lililochomelewa pande zote mbili. Ama bomba liko wazi, lenye matundu chini ili maji yatoke. Lile la nusu nusu, lenye suda ya kushikiza sehemu mbili tatu halafu rangi juu yake, ndilo baya kuliko yote: maji yanaingia kwa ufa, hayana pa kutokea.

Tukirudi kwenye zinki, kazi kamili ni kuchovya. Kiti kinachomelewa kwanza, kinatobolewa, kinasafishwa kwa asidi, kisha kinazamishwa chote kwenye beseni la zinki iliyoyeyuka, kwenye joto la karibu nyuzi 450. Zinki inashikana na chuma ndani na nje. Hapo matundu ya kupumulia ni ya lazima, si hiari: bomba lililofungwa lenye hewa na unyevu ndani linaweza kulipuka likizamishwa. Mchoro wa kiti cha kuchovya na mchoro wa kiti cha kupaka rangi si mchoro mmoja, na uamuzi unafanywa mwanzoni.

Faida inahesabika. Tabaka la zinki kwenye chuma cha aina hii ni kama mikroni 50 au 60. Mbali na bahari na viwanda, hewa na mvua vinalila taratibu, chini ya mikroni 2 kwa mwaka. Gawanya mwenyewe. Tena zinki ina tabia ambayo rangi haina: ikikwaruzwa, yenyewe ndiyo inayoliwa kwanza, chuma kilicho pembeni kinasalimika. Rangi ikikwaruzwa, kutu inaingia chini yake na kutembea.

Hesabu hiyo haifai kila mahali. Goma, moshi wa Nyiragongo unaitia mvua asidi, na wakazi wanajua jinsi mabati yao yanavyochakaa mapema. Huko zinki peke yake haitadumu hivyo. Inahitaji rangi juu yake. Ndani ya Lubumbashi kwenyewe, eneo lililo karibu na mitambo ya madini si sawa na ua wa parokia uliozungukwa na miti.

Na karakana isiyo na beseni? Kuna rangi yenye unga mwingi wa zinki ndani yake, inayopakwa kwenye chuma kitupu kilichosuguliwa hadi kikawa cheupe. Si sawa na kuchovya, lakini iko mbali na ile rangi nyekundu ya antiruyi inayopakwa juu ya vumbi na mafuta ya kiwandani. Katika kazi hii kusugua ni nusu ya mshahara. Fundi anayemwambia mteja ukweli huo atapoteza wateja wawili watatu wanaotaka bei ya chini. Watakaobaki hawatamwita kila Novemba.

Moshi mweupe

Kuna njia ya mkato ambayo fundi wengi wameijaribu: kununua bomba la maji lililokwisha kupakwa zinki, kulikata na kulichomelea. Mchoro unatoka mzuri, lakini kila penye suda zinki imeungua, kwa hiyo kiti kinabaki uchi hasa kwenye viungo, mahali pa hatari zaidi.

Na kuna mapafu ya fundi. Zinki inapoungua inatoa moshi mweupe. Anayeuvuta kwa wingi anaweza kupata, saa chache baadaye, homa, baridi ya kutetemeka, mwili kuuma na ladha ya chuma mdomoni. Hali hiyo kwa kawaida inapita kwa siku moja au mbili, ndiyo maana katika mji wa malaria inaitwa malaria na kumezewa dawa za malaria. Maziwa, ambayo fundi wengi wanayaamini, hayaondoi kitu kwenye mapafu. Kuchomelea nje, kukaa upande upepo unakotoka, kusugua zinki sentimita chache kila upande wa kiungo kabla ya suda na kuvaa kinga ya pumzi inayofaa moshi wa chuma: hivyo vinasaidia. Kinachosaidia zaidi ni kuchora kiti ambacho suda yake yote inakwisha kabla zinki haijaletwa, na kinachobaki kuunganishwa kinaunganishwa kwa bolti.

Jua na mikono ya watu

Mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, chuma kilichopakwa rangi nyeusi hakikaliki saa nane mchana. Rangi nyepesi inasaidia, fito nyembamba zenye nafasi zinapoa haraka kuliko bamba zima, lakini hakuna rangi inayoshinda mti. Kama ua una mwembe mmoja, viti vya moduli vina sababu ya kwenda chini yake asubuhi na kuufuata upande wa pili jioni. Katika bustani ya Luxembourg jijini Paris, viti vya chuma havijafungwa chini. Mtu anachukua chake na kukipeleka kwenye jua au kivuli anachotaka. Hadi miaka ya 1970 vilikuwa vinakodishwa, mwanamke anapita kukusanya pesa. Sasa ni bure na bado vinasogezwa kutwa.

Huku kwetu kiti kisichofungwa kitasogezwa mbali zaidi ya kivuli. Wanunuzi wa vyuma chakavu, wale wa mitraye, hawaulizi kilo 15 za chuma zimetoka wapi. Ni hoja ya kweli dhidi ya viti vya bolti, na jibu lake si zuri sana kwa macho: kwenye uwanja wa wazi, viti vinafungwa vitatu vitatu, ncha za bolti zinapondwa kwa nyundo ili nati isitoke, na benchi linashikwa kwenye zege kwa mguu mmoja. Vikifungwa vitatu ni zaidi ya kilo 46, havibebwi kwapani. Siku ya matengenezo bolti inakatwa kwa msumeno na kuwekwa mpya. Bolti ni rahisi kuliko kiti. Ndani ya ukuta wa parokia au baa yenye mlinzi, hakuna haja ya hayo.

Kabla ya kumpokelea fundi kiti cha kwanza na kuagiza vingine 20, kuna jaribio lisilohitaji chombo. Kiweke kwenye sakafu, mwaga ndoo ya maji juu yake, subiri nusu saa. Kisha piga magoti, utazame chini ya kikalio, kwenye pembe, kwenye vibati vya miguu. Mahali popote palipobaki maji, fundi arudi na drili.